Viatu begani hadi Uswidi? Majaribio hayaendi hivyo

Kwa miaka mingi vijana wetu wameambiwa kwamba klabu za Skandinavia hazina masharti: pata viza ya utalii, tua Stockholm na viatu begani, gonga geti la klabu, ufanye majaribio. Wanaosema hivyo humtaja Michael Olunga, aliyetua Djurgården, klabu ya Stockholm, mwaka 2016. Wanasahau kwamba Olunga alitoka Gor Mahia akiwa tayari ni mfungaji mwenye jina Kenya. Alifuatwa, hakubisha hodi.

Mtiririko wa kawaida ni kinyume cha hadithi hiyo. Klabu hukuona kwanza, uwanjani au kwenye video za mechi nzima (si zile za mabao matatu na muziki), kisha hukuandikia barua ya mwaliko, na barua hiyo ndiyo unayoipeleka ubalozini. Ukifaulu majaribio, bado kuna kibali cha kazi na dirisha la usajili, yaani kipindi ambacho klabu huruhusiwa kusajili wachezaji.

Umri nao ni kikwazo. Kanuni za FIFA huzuia uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, na msamaha uliopo ni mchache. Ndiyo maana Mohammed Kudus, aliyelelewa katika akademi ya Right to Dream nchini Ghana, alianza kuichezea Nordsjælland ya Denmark Agosti 2018, siku chache tu baada ya kutimiza umri huo.

Wakala anayedai pesa za "nafasi ya majaribio"? Muombe barua ya klabu, kisha iulize klabu yenyewe.