Anotesheni ni lebo, si amri

Wiki hii nimeulizwa tena: "Nimeweka @Transactional juu ya methodi, mbona muamala haukubatilishwa?" @Transactional ni anotesheni, yaani alama ya kuomba kazi yote ya methodi ikamilike au ibatilishwe kwa pamoja. Msimbo niliooneshwa ulikuwa wa Java, na ndani ya klasi moja ya Spring (mfumo wa kujengea programu za Java) methodi lipa(), isiyo na alama yoyote, ilikuwa ikiita hamishaSalio(), iliyobandikwa alama hiyo. Hitilafu ilitokea katikati, salio la mteja mmoja likapungua na la mwenzake lisiongezeke.

Tangu anotesheni zilipoingia katika Java 5 mwaka 2004, hazijawahi kutenda lolote zenyewe: ni maelezo yanayongoja msomaji, na asipokuwepo wa kuyasoma ni sawa na kwamba hayakuandikwa. @Override husomwa na kompaila (programu inayotafsiri msimbo), kisha huachwa hapo hapo. Ukitunga ya kwako bila kutaja @Retention, inayosema alama ihifadhiwe hadi hatua gani, itabaki katika faili la klasi, lakini rifleksheni, yaani njia ya programu kujikagua yenyewe, haitaiona programu inapoendeshwa.

Msomaji wa @Transactional, kwa mpangilio wa kawaida wa Spring, ni proksi, kitu cha kati kinachoizunguka klasi yako na kupokea miito kwa niaba yake, nayo hufungua muamala pale tu mwito unapopitia kwake kutoka nje. lipa() inapoiita hamishaSalio() iliyo ndani ya klasi hiyo hiyo, mwito huo umeshavuka mlango, kwa hiyo proksi haina habari nao, hata ukiibandika methodi hiyo alama kumi. Ibandike lipa() yenyewe, au ihamishie hamishaSalio() katika klasi nyingine. Na hata proksi ikipitiwa, kwa kawaida hubatilisha muamala kwa hitilafu za aina ya RuntimeException na Error tu. Eksepsheni ambazo kompaila hukulazimisha kuzishughulikia huacha muamala ukamilike, mpaka uzitaje kwa rollbackFor ndani ya @Transactional.

Nakiri kwamba sina uhakika kama tulifaidika kikamilifu tulipoyaacha mafaili marefu ya XML, ambamo mipangilio kama hii iliandikwa mbali na msimbo. Yalichosha kusoma, lakini hakuna aliyedhani kwamba ni sehemu ya methodi, ilhali alama iliyokaa mstari mmoja juu yake huaminiwa na jicho kabla akili haijauliza ni nani anayeisoma.

Nilimwomba mwenzangu aisimamishe programu ndani ya hamishaSalio() na kuikagua orodha ya miito, yaani methodi zilizoitana hadi kufika hapo. Jina TransactionInterceptor, sehemu ya Spring inayofungua muamala kwenye proksi, halikuwemo. Alipoihamishia methodi hiyo katika klasi nyingine na kuiendesha upya, likaonekana, katikati ya lipa() na hamishaSalio().