"Karatasi ina jina la baba, kwa hiyo nyumba ni ya baba"

Wiki haipiti bila mama mmoja kuketi mbele ya meza yangu na kuniambia: "Wakili, mimi sina changu pale, karatasi ina jina lake." Ukimuuliza kiwanja cha Chanika kilinunuliwa kwa pesa gani, anataja za vikoba. Nani alipikia mafundi? Yeye. Nani alihamia kwenye pagala lisilo na madirisha ili nondo na mabati visiibwe? Yeye na watoto. Halafu anaomba nimsaidie apate "hata chumba kimoja tu". Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi aliyemfundisha uongo huu ni shangazi au mama yake mzazi.

Nasema ya Tanzania Bara, maana Zanzibar wana sheria zao. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki ileile ya mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kifungu cha 60 ndicho kinachopotoshwa mitaani. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa na jina la mmoja, mahakama inaanza kwa kudhani ni ya mwenye jina. Inaanza tu! Dhana hiyo inavunjwa kwa ushahidi. Yakiwa majina mawili, inaanza kwa kudhani mna haki sawa. Kisha kuna kifungu cha 59: ndoa ikiwa bado ipo, nyumba mnayoishi haiuzwi, haiwekwi rehani wala haitolewi zawadi bila ridhaa ya mwenzi, hata kama jina ni la mmoja. Kama nyumba ina hati na una wasiwasi, weka zuio, yaani pingamizi la kuuzwa, kwa Msajili wa Hati mapema. Wengi wananijia mnunuzi akiwa ameshaanza kubadilisha makufuli.

"Lakini mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu." Hilo "tu" lilishajibiwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa kwa sababu nyingine, lakini msingi aliouacha ndio tunaousimamia hadi leo. Usitoke hapa ukidhani ni nusu kwa nusu moja kwa moja, maana ndoa ikivunjwa mahakama hupima mchango wa kila mmoja.

Ndiyo maana nawasumbua watu na risiti. Saruji, kokoto, mbao za kupaulia, fundi aliyelipwa kwa simu: tunza vyote. Risiti nyingi za madukani wino hufutika, zipige picha siku hiyohiyo. Na karatasi ya mauziano iandikwe majina yote mawili tangu mwanzo. Mume akinuna, mwulize siku akitangulia yeye, ndugu zake watamkuta nani humo ndani na kwa karatasi gani.

"Tumekaa pamoja miaka miwili bila ndoa, sheria inanihesabu mke." Inakudhania mke, kama majirani na ndugu waliwachukulia hivyo, na dhana hiyo inapingika. Akitokea mwenye cheti cha ndoa ya mke mmoja, umekwama.

"Shemeji ndiye msimamizi wa mirathi, kwa hiyo nyumba ni yake." Hapana. Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama inateua, naye anakusanya mali, analipa madeni, anagawa na kurudisha hesabu mahakamani. Alichochangia mjane si mali ya marehemu, kitolewe kwanza. Ila sitawadanganya: kanuni za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 bado zinawabana wajane. Mwanamume anayempenda mkewe aandike wosia, maneno ya kitandani hayafiki mahakamani.

"Asiye na mume hauziwi." Madalali wanalipenda hili, kwa vyumba na kwa viwanja. Hakuna sheria inayomtaka mwanamke alete mume ili apange au anunue, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema wazi kwamba haki yake juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Dalali akiuliza "shemeji yuko wapi?", mwulize karatasi za muuzaji ziko wapi.

Akikutolea karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa na kuiita hati, mkatalie. Hiyo inaonyesha mliuziana, hati inatoka kwa Kamishna wa Ardhi. Eneo likiwa limepimwa, chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi, yaani uangalie kimesajiliwa kwa jina la nani, kabla hujatoa hata pesa ya udalali.