Behewa la kale: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Haya mabehewa yalitunzwa vizuri tangu enzi za Malkia Victoria."
Hasha! Pale Havenstreet, kwenye reli ya mvuke ya kisiwa cha Isle of Wight, Uingereza, kuna mabodi ya mabehewa yaliyookotwa mashambani. Kampuni za reli zilipoyachoka ziliyauza bila magurudumu, watu wakayafanya mabanda ya kuku, stoo, hata nyumba za mapumziko. Yaliyoezekwa paa la pili juu ndiyo yaliyopona, mvua haikuyafikia.

"Basi kila kitu ni cha asili."
Bodi, ndiyo. Chini, mara nyingi sivyo. Mafundi hutafuta chesisi ya behewa la vifurushi la karne ya 20, wakaikata kuifupisha, kisha wakalikalisha bodi juu yake. Wapo wanaonuna kwa hilo. Mimi bora behewa linalotembea kwa miguu ya kuazima.

"Gurudumu la treni ni chuma kitupu."
Tazama gurudumu la Mansell, aina iliyofungwa kwenye mabehewa ya kale: katikati ya kitovu na tairi la chuma kuna vipande 16 vya mbao ya mtiki, vimepangwa kama pande za chungwa na kukazwa kwa boliti. Mbao humeza kelele. Ni mtiki huohuo unaopandwa Longuza, kule Muheza, Tanzania.

"Kazi yenyewe ni kupaka rangi."
Rangi huja mwisho. Kwanza ni kukwangua, tena kwa barakoa, maana rangi za zamani zina madini ya risasi. Mahali padogo fundi hupiga msasa polepole mpaka matabaka yajitokeze moja ndani ya lingine. Hapo ndipo hujua behewa lilivaa rangi gani lilipotoka kiwandani. Kisha zamu ya seremala: fremu hukatwa pale palipooza tu, kikaungwa kipande kipya.

"Likishafika makumbusho halirudi relini."
Behewa nambari 353 la mwaka 1892, la Metropolitan, reli ya chini ya ardhi ya London, lilifufuliwa na mafundi wa reli ya Ffestiniog huko Wales. Mwaka 2013 likabeba abiria chini ya ardhi ya London, reli ya Metropolitan ilipotimiza miaka 150.

"Mlango hauna kitasa ndani, umeharibika."
Mengi yaliundwa hivyo. Chomoa mkanda wa ngozi wa dirisha la mlango kwenye kishikizo chake, kioo kishuke, toa mkono nje, ufungue.