Kimeo hakileti kikohozi

Huku Kigoma, kuanzia Ujiji mpaka Mwanga, mtoto akikohoa siku kadhaa tu utasikia "huyo ana kimeo, mpelekeni akakatwe". Jamani, kimeo kila mtu anacho. Simama mbele ya kioo useme aaa, kile kinyama kinachoning'inia kule nyuma ndo chenyewe, kinasaidia kuziba njia ya pua ukimeza ili uji usipandie puani. Koo likiumwa na chenyewe kinavimba kinaonekana kirefu, basi watu wanadhani ndo kimeleta kikohozi, kumbe kimeumwa pamoja na koo. Na wale wa "wangu alikatwa akapona", kikohozi cha mafua mara nyingi kinaisha chenyewe ndani ya wiki tatu hivi, angepona tu.

Ila wembe unaleta damu isiyokata, pepopunda, hata virusi vya ukimwi kama umeshapita kwa mwingine. Mtu mzima akiamua akatwe, mwili wake, lakini mtoto wa miezi minane nani kamuuliza? Kikohozi kikivuka wiki mbili mpeleke akapimwe TB, kipimo hicho hospitali za serikali ni bure, na akihema harakaharaka mbavu zinabonyea ndani usisubiri hata kesho, hiyo inaweza kuwa nimonia.