Je, Wajua? Kwa Nini Kamera Ileile ya Bei Nafuu Hupewa Nyota 5 na Nyota 1

Fungua maoni ya wanunuzi wa kamera yoyote ndogo ya bei ya chini, tuseme Kodak PixPro FZ55, ambayo Marekani huuzwa dola mia na ushee. Utakuta watu walionunua kitu kimoja wanazungumza kana kwamba wamenunua vitu viwili. Huyu kaipa nyota 5: picha kali, rangi zimekolea, kaipeleka ufukweni na watoto na hajutii hela yake. Yule kaipa nyota 1: picha zimejaa chenga, nyuso zimefifia, kwenye sherehe ya usiku simu yake imepiga vizuri zaidi. Msomaji anaanza kushuku kwamba mmoja kalipwa asifie, au mwingine kauziwa feki. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Mmoja alikuwa juani, mwingine alikuwa ndani chini ya taa, na kwa kamera ya aina hii tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Kwanza kuhusu jina la Kodak, kwa kuwa wengi hununua kamera hii kwa ajili yake. Mwaka 1975 mhandisi wa Eastman Kodak, Steve Sasson, ndiye aliyeunda kamera ya kwanza ya kidijitali ya kubebeka. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012 na ikaacha kutengeneza kamera za kidijitali mwaka huohuo. Tangu 2013 jina la Kodak kwenye kamera hizi linatumiwa kwa leseni na kampuni ya JK Imaging ya California. Soko lenyewe limesinyaa: takwimu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani zinaonyesha kamera za kidijitali zilizotoka viwandani zilikuwa takriban milioni 121 mwaka 2010, na mwaka 2023 hazikufika milioni 8.

Sasa tuje kwenye namba inayowapoteza wanunuzi wengi: megapikseli. FZ55 ina 16. Mtu anaiona hiyo 16, anakumbuka simu yake ina 12, anahitimisha kwamba kamera itaishinda simu. Isiposhinda, anarudi kuandika kwamba ameibiwa. Lakini megapikseli ni hesabu ya vidoto vinavyounda picha tu, na hesabu hiyo iliacha kuwa tatizo zamani. Picha ya inchi 4 kwa 6, ile inayosafishwa studio na kuwekwa kwenye albamu, inahitaji megapikseli 2 na kidogo ikichapwa kwa vidoto 300 kwa inchi. Televisheni ya HD kamili inaonyesha megapikseli 2. Ya 4K inaonyesha 8. Picha ikitumwa kwa WhatsApp katika ubora wa kawaida, hupunguzwa kabla haijamfikia mtu. Katika matumizi yote hayo, kamera ya megapikseli 16 na ya megapikseli 10 zitakuwa zimelingana.

Kampuni zenyewe zilikuwa zinalijua hili. Canon ilitoa PowerShot G10 mwaka 2008 ikiwa na megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata ikatoa G11, na kamera hiyo mpya ilikuwa na megapikseli 10, pungufu kuliko iliyoitangulia. Hatua hiyo naipenda sana, kwa sababu wakati ule kila tangazo lilikuwa linashindana kupandisha namba, halafu mtengenezaji mkubwa akairudisha chini hadharani kwa ajili ya picha za kwenye mwanga hafifu.

Kuna hata mahali ambapo vidoto 16 milioni havina kazi kabisa, na hapo ni fizikia inayoamua. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, kwa hiyo nukta moja ya mwanga hufika ndani ya kamera ikiwa kiduara. Lenzi ya FZ55 ikivutwa (zoom) hadi mwisho, tundu lake hufikia f/6.3 (namba ya f ikipanda, tundu ni dogo zaidi), na kiduara hicho huwa na upana wa takriban mikromita 8.5. Kidoto kimoja cha kamera hiyo kina upana wa mikromita 1.3 hivi. Yaani nukta moja inatanda juu ya vidoto 6 kwa upana. Ukiongeza vidoto hapo, unaugawa ukungu uleule katika vipande vidogo zaidi.

Mbaya zaidi ni zile kamera zisizo na jina maarufu zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya chini kabisa zikijinadi kwa megapikseli 48 na kuvuta mara 16. Nyingi zina kihisi (kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi) cha vidoto vichache zaidi, halafu programu inabuni vidoto vya kujazia nafasi. Huko kuvuta mara 16 nako ni kukata katikati ya picha na kuitanua. Kabla ya kununua, tafuta kwenye maelezo iwapo kuvuta ni kwa lenzi au kwa kidijitali. FZ55 inavuta mara 5 kwa lenzi, na hiyo ni sifa ya kweli: simu isiyo na lenzi ya pili ya kuvutia, ukiivuta mara 5, inabakiwa na sehemu moja ya 25 ya vidoto vyake. Megapikseli 12 zinashuka hadi karibu nusu megapikseli.

Kama si megapikseli, basi ni nini? Ni eneo la kile kihisi kinachopokea mwanga. Fikiria nyumba inayokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Maji utakayopata yanategemea ukubwa wa paa na wingi wa mvua. Ukipanga mitungi 16 badala ya 10 chini ya paa lilelile, hujaongeza maji hata tone, umeyagawa tu. Siku ya masika, hata paa la banda la kuku litaijaza mitungi yote, na mwenye banda hataona anachomwonea wivu jirani mwenye nyumba kubwa. Tofauti huonekana siku ya manyunyu. Mwenye paa pana anapata cha kupikia, mwenye banda anakuta kila mtungi una matone ya kuhesabu, tena huu una matone 9 na wa pembeni yake 13, kwa sababu manyunyu hayaangukii sawasawa.

Hayo matone yasiyolingana ndiyo chenga. Mwanga nao huja kwa chembechembe, na chembe hizo huanguka kwa bahati. Kidoto kilichopokea chembe 10,000 hupishana na jirani yake kwa 100 hivi, yaani asilimia 1, na jicho halioni. Kilichopokea 100 hupishana kwa 10, asilimia 10, na shavu la mtu linatokea na madoadoa. Kihisi cha kamera nyingi za kundi hili kina ukubwa unaoitwa inchi 1/2.3. Ajabu ni kwamba hakuna upande wake wenye kipimo hicho: ni desturi iliyobaki tangu enzi za mirija ya kamera za video, ambayo ilitajwa kwa kipenyo cha mrija wa kioo, si cha eneo linalopokea picha. Kihisi chenyewe kina milimita 6.2 kwa 4.6 tu. Kile cha kamera kubwa zinazoitwa fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, eneo lililozidi mara 30.

Jua la saa sita linafikia lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Sebule yenye taa usiku huwa na lux 100 au chini yake. Ni mara 1,000, ila macho yetu hujirekebisha na hatuhisi pengo hilo. Kamera inalihisi. Juani FZ55 inaweza kupiga picha kwa takriban sekunde 1/1600, ikamgandisha mtoto anayeruka mawimbi. Sebuleni, ikiwa kwenye ISO 100 (ISO ni namba ya jinsi kamera inavyokuza mwanga iliopata), ingehitaji karibu nusu sekunde, na hakuna mkono unaotulia muda huo. Basi inapandisha ISO hadi 1600 ili ifike 1/30. Kupandisha ISO hakuongezi mwanga, kunakuza kile kidogo kilichopatikana pamoja na chenga zake. Kisha programu ya ndani inazifuta chenga, na inapozifuta inaondoka na nyusi, nyuzi za kitambaa na vinyweleo. Ukivuta lenzi hadi mwisho, mwanga unapungua zaidi ya nusu tena, na picha inacheza.

Kwa harusi zetu za usiku ukumbini kuna jambo la ziada. Kipimo cha mwanga cha kamera hulenga wastani wa kijivu. Gauni jeupe la bibi harusi likijaza fremu, kamera hudhani kumeng'aa kupita kiasi na inapunguza mwanga. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko gauni, kwa hiyo sura ndiyo inayoumia kwanza. Dawa ni kupandisha kidogo fidia ya mwanga (mpangilio wa kamera wa kung'arisha au kufifisha picha), +0.7 au +1, na kusogea karibu ndipo uwashe flashi. Flashi hizi ndogo hufika mita chache tu, kwani ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unabaki robo.

Na kwa nini simu inashinda ndani? Simu za bei ya juu za leo zina kihisi cha takriban inchi 1/1.3 na lenzi ya f/1.8. Ukizidisha eneo la kihisi na mwanga unaopitishwa na tundu, zinakinga mwanga karibu mara 12 ya FZ55. Juu ya hapo zinapiga picha kadhaa mfululizo na kuzichanganya kuwa moja.

Dai moja kwenye maoni hayo nalipokea kwa tahadhari: kwamba kamera za zamani zenye kihisi cha CCD zina rangi nzuri kuliko za CMOS, aina ya kihisi iliyoshika nafasi yake. Rangi hutokana zaidi na vichujio vilivyo juu ya vidoto na jinsi programu inavyozichakata, na kamera hizo za zamani zilichakatwa kwa ladha ya wakati wake. Anayezipenda rangi zile ana haki yake, ila sababu anayoitaja ina ushahidi mdogo.

Malalamiko ya betri nayo yasomwe kwa namna hiyohiyo. FZ45, ndugu wa FZ55, hutumia betri mbili za AA. Betri za kawaida za alkalini zinadhoofika kamera inapohitaji umeme mwingi kwa ghafla, kama wakati wa kuchaji flashi, kwa hiyo kamera inazima huku betri ileile ikiwa bado na nguvu ya kuendesha saa ya ukutani. Za kuchaji aina ya NiMH hutajwa kwa volti 1.2 badala ya 1.5, lakini hushikilia hapo hadi karibu na mwisho. Anayesema kamera hiyo inakula betri bila kutaja aliweka zipi bado hujajua kama alikuwa na shida ya kamera au ya betri.