Je, wajua kwa nini tundu la fistula likiziba si lazima ugonjwa wa Crohn uwe umepona?

Mtu mwenye ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa muda mrefu wa njia ya chakula, anaweza kuamka siku moja akakuta kitundu kilichokuwa kikimtoa usaha kando ya njia ya haja kubwa kimekauka na ngozi imekutana. Maumivu yamepungua, nguo ya ndani haichafuki, na ana kila haki ya kufurahi. Hata hivyo daktari bado anaweza kumwandikia kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku), kwa kuwa kilichoziba ni mdomo wa nje tu, na njia iliyo ndani ya nyama huenda ingali na majimaji.

Ugonjwa huu, ulioelezwa mwaka 1932 na Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer mjini New York, unaweza kushika sehemu yoyote kuanzia kinywani hadi mwisho wa njia ya haja kubwa. Hauishii kwenye utando wa juu, bali hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo, na ndiyo maana huweza kuchimba njia mpaka kwenye ngozi, kibofu au uke. Njia hiyo ndiyo fistula. Wengi wetu tunalijua neno hili kutokana na fistula ya uzazi, lakini chanzo cha hii ni tofauti kabisa. Utafiti wa wakazi wa wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ulionyesha kwamba miaka 20 baada ya kugundulika, takriban robo ya wagonjwa wa Crohn walikuwa wamepata fistula ya eneo la njia ya haja kubwa.

Swali la kwanza la daktari wa upasuaji ni kuhusu misuli. Haja hubanwa na misuli miwili ya duara, wa ndani unaojiendesha wenyewe na wa nje tunaoutawala kwa hiari, na anayekata fistula bila kujua inapita wapi anaweza kumwachia mgonjwa tatizo la kutoweza kuzuia haja maisha yake yote. Mwaka 1976 Alan Parks na wenzake wa hospitali ya St Mark's, London, waligawa fistula katika aina nne: inayopita katikati ya misuli hiyo miwili, inayoitoboa yote miwili, inayopanda na kuzunguka juu yake, na ile inayopita nje yake kabisa. Mgawanyo huo ungali unatumika, ila kwa Crohn hautoshi, kwa sababu hausemi lolote kuhusu jipu, hali ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana), wala mnyweo, yaani kusinyaa, wa njia ya haja kubwa. Kwa hiyo madaktari wa Marekani walipendekeza mwaka 2003 mgawanyo wa aina mbili tu. Fistula sahili hupita chini, ina mdomo mmoja wa nje, na haiambatani na jipu, mnyweo wala njia ya kuelekea ukeni. Iliyobaki huitwa changamano.

Ramani ya mahali fistula inapopita, hata ikiwa nzuri, haisemi mgonjwa anaishije. Kipimo kinachojulikana kwa kifupi kama PDAI, kilichochapishwa mwaka 1995, huuliza mambo matano: usaha unaotoka, maumivu na jinsi yanavyozuia shughuli, athari kwenye tendo la ndoa, aina ya ugonjwa unaoonekana, na ugumu wa nyama inapobonyezwa. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 4, hivyo jumla haizidi 20, na alama zaidi ya 4 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ugonjwa unaendelea. Nakithamini kipimo hiki kwa sababu kinampa mgonjwa nafasi ya kusema, hasa juu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wengi wasingelitaja wenyewe kama wasingeulizwa.

Kuna pia njia nyepesi zaidi. Katika utafiti wa dawa ya infliksimabu uliochapishwa mwaka 1999, daktari alibonyeza taratibu kwa kidole kando ya kila tundu na kuhesabu yanayotoa majimaji. Yakipungua kwa nusu au zaidi, na hali ikawa hivyo katika ziara mbili zinazofuatana, mgonjwa alihesabiwa kuwa ameitikia dawa. Ni rahisi, lakini vidole havibonyezi kwa nguvu sawa, na mgonjwa aliyetiwa setoni, yaani uzi unaopitishwa ndani ya fistula makusudi ili usaha uendelee kutoka, hawezi kupimwa vizuri kwa kuhesabu matundu makavu.

Hapo ndipo MRI inapoonyesha umuhimu wake. Katika aina fulani ya picha zake majimaji hung'aa meupe, ilhali kovu lililokomaa huonekana jeusi. Gert Van Assche na wenzake wa Ubelgiji walitunga mwaka 2003 mfumo wa alama unaojumlisha idadi ya njia, mahali zinapopita, mng'ao wake, majipu na hali ya puru, wakaona kwamba hata wagonjwa waliozibika kwa nje baada ya dawa bado walikuwa na njia zinazong'aa ndani. Kupona kwa kina huchelewa kwa miezi mingi nyuma ya kile ambacho jicho linaona, na anayeacha dawa siku tundu linapokauka huenda akarudi na jipu.

Mwaka 2022 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali liliongeza swali lililokuwa limesahaulika: mgonjwa huyu anataka nini, na kinawezekana sasa? Waliwagawa wagonjwa katika madaraja manne. Daraja la 1 ni dalili ndogo. La 2 lina matawi matatu: 2a ni fistula inayofaa kujaribiwa kuzibwa, 2b ni ambaye kwa sasa anahitaji kutulizwa dalili, na 2c ni ambaye ugonjwa unamwendea mbio hata ikabidi haja ielekezwe mapema kwenye tundu la tumboni. La 3 ni uharibifu mkubwa unaoweza kudai puru iondolewe, na la 4 ni dalili zinazobaki hata baada ya kuondolewa. Madaraja haya hayamfungi mtu mahali pamoja. Wa 2b ambaye puru yake imetulia kwa dawa anaweza kuhamia 2a katika ziara inayofuata, na upasuaji uliokuwa haufai mwaka jana ukajadiliwa upya.