Taa mpya, nyaya za zamani: dhana potofu za kubadilisha taa ya dari

Dhana: Ukizima swichi ya ukutani, darini hakuna umeme.

Ukweli: Katika nyumba nyingi umeme wa taa hufika darini kwanza, ndipo ushuke kwenye swichi. Kwa hiyo pale juu kuna laivu (waya unaoleta umeme) isiyozimwa na swichi. Na kama aliyefunga alipitisha nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu, taa itazimika vizuri kabisa huku holda ikibaki na umeme. Zima breka ya taa, kisha pima. Tesita ijaribu kwanza penye umeme unaoujua, pima nyaya za darini, halafu irudishe pale ulipoanzia. Tesita iliyokufa huonyesha kila waya ni salama.

Dhana: Fuata rangi tu, nyeusi kwa nyeusi na nyekundu kwa nyekundu.

Ukweli: Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Chukua dari yenye kebo tatu za rangi za zamani za Uingereza: moja inaleta umeme, moja inaupeleka taa inayofuata, moja inashuka kwenye swichi. Hiyo ya swichi haina nyutro. Waya mwekundu unashusha laivu, na mweusi unairudisha juu swichi ikiwashwa. Ukizikusanya nyeusi zote tatu pamoja, dalili haifichiki: taa inawaka muda wote, na ukiwasha swichi laivu inakutana na nyutro, breka inaruka.

Mpangilio sahihi: nyekundu tatu pamoja kwenye konekta (kiunganishi cha nyaya) yao, bila kugusa taa, nyeusi mbili za nyutro kwenye nyutro ya taa, mweusi wa swichi, peke yake, kwenye laivu ya taa. Uzungushie tepu nyekundu ili atakayekuja baadaye asikosee. Rangi mpya, kahawia ya laivu na buluu ya nyutro, zina mtego uleule.

Umeshafungua bila kupiga picha? Breka ikiwa imezimwa, tenganisha nyaya zote, weka mita kwenye kipimo cha mwendelezo, kinachoonyesha kama nyaya mbili zimeungana. Kebo ambayo nyaya zake mbili zinaungana swichi ikiwashwa na kuachana ikizimwa ndiyo ya swichi.

Dhana: Balbu ya LED inayotoa mwanga hafifu ikiwa imezimwa ni mbovu.

Ukweli: Mara nyingi balbu ni nzima. Swichi yenye kitaa kidogo ndani hupitisha umeme kiduchu, na LED huhitaji kiduchu hichohicho. Ukitoa kitaa na mwanga ukabaki, kagua kama swichi inakata nyutro.

Dhana: Nimezima breka ya taa, RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) haiwezi kuruka.

Ukweli: Breka ndogo ya kawaida hukata laivu peke yake. Nyutro ikigusana na athi (waya wa ardhini) wakati unafungua, RCD inaweza kuruka. Usihangaike kutafuta kosa jipya. Funika ncha kwanza.

Dhana: Taa isiyo na skrubu ya athi, kata waya wa athi.

Ukweli: Taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji athi, lakini taa zinazofuata huenda zinaitegemea. Ziunganishe athi kwenye konekta, uzifiche. Taa ya chuma isiyo na alama hiyo lazima ifungwe athi.

Dhana: Kusokota na tepu kunatosha.

Ukweli: Kiungo kilicholegea huchemka, na tepu hubanduka kwa joto. Tumia konekta. Menya waya kama milimita 8, shaba isionekane nje, kaza, kisha vuta kila waya mmojammoja. Unaochomoka mkononi ungechomoka darini.